Themu ya tovuti uichezee lini? Jibu kwa dada wa Tukuyu

Swali nimelifupisha kidogo, lakini maneno ni yake:

"Shikamoo mwalimu. Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa Tukuyu, na huwa napeleka wageni Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu na Matema. Tovuti naijenga mwenyewe kwa WordPress, nataka iwe hewani kabla ya Juni, wageni wa kiangazi hawajaanza kuja. Wiki tatu zimekwisha na sijaandika hata ukurasa mmoja. Nimebadilisha themu mara nne. Kila nikipata inayonipendeza, baada ya siku mbili naiona mbaya. Kaka yangu, ambaye ni fundi wa kompyuta Mbeya mjini, anasema nisiiguse themu kabisa mpaka maneno na picha zote ziwe ndani. Rafiki yangu anasema bila kuona sura huwezi kujua uandike nini. Nimsikilize nani?"

Marahaba mdogo wangu, na ndaga fijo kwa kuliweka swali kinagaubaga. Wengi huniandikia "tovuti yangu mbaya, nisaidie", wanaishia hapo.

Kaka yako na rafiki yako wanabishana juu ya neno moja, kumbe kazi ziko tatu. Kuichagua themu, yaani vazi linaloipa tovuti sura yake, na kuitengenezea mahali salama pa kufanyia marekebisho ni kazi ya kwanza. Hiyo hufanywa kabla ya jambo lingine lolote, tena iishe ndani ya siku moja. Kupanga maungo ya kila aina ya ukurasa, yaani nini kikae wapi, ni kazi ya pili, na wakati wake ni pale unapokuwa na mfano mmoja halisi wa kila aina. Rangi, fonti, vivuli na nafasi kati ya mistari ni kazi ya tatu, nayo hukaa mwisho. Wewe umeanzia ya tatu, ndiyo maana wiki zimeyeyuka.

Umejenga nyumba ya wageni, kwa hiyo hili umeliona kwa macho: fundi umeme hupitisha mabomba yake ukutani kabla ya plasta. Ukiharakia plasta na rangi, siku akija atakuja na tindo na nyundo, na utalipa mara mbili.

Nianze na hizo themu nne, maana naona ndizo zinazokuumiza. Themu inapouzwa huoneshwa ikiwa imevaa picha na maneno ya mtu mwingine. Picha zimepigwa na mpiga picha wa kulipwa, jua limewaka, bahari ya bluu. Maneno ni ya Kiingereza na ni mafupi, kila kitufe kina neno moja au mawili. Wewe unaingiza picha yako ya Ngosi asubuhi, ukungu umefunika nusu ya ziwa, na menyu yako inasema Mwanzo, Vyumba vyetu, Safari na matembezi, Kuhusu sisi, Wasiliana nasi. Menyu inakatika mistari miwili, nembo inasukumwa pembeni, kitufe kilichoshonwa kwa maneno mawili sasa kinabeba "Angalia kama chumba kipo wazi". Unaiona mbaya, unaitupa, unatafuta nyingine iliyovaa picha nzuri. Themu ya tano nayo utaitupa kwa njia hiyohiyo.

Kwa hiyo ukichagua, ivue kwanza. Iweke kwenye tovuti ya majaribio bila picha zake za maonyesho, andika menyu yako kamili ya Kiswahili, ingiza picha yako mbaya kuliko zote, kisha ifungue kwenye simu. Angalia pia kama mtengenezaji ameisasisha ndani ya miezi ya karibuni. Kama bado inasomeka, inatosha. Sijasema inapendeza. Kupendeza kutakuja.

Jambo moja zaidi la kuangalia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndilo huwaliza watu baada ya miaka miwili. WordPress ilitoka mwaka 2003, na mfumo wa themu ukaja na toleo la 1.5, Februari 2005. Shabaha yake ilikuwa kujenga ukuta: maneno yakae upande mmoja, kwenye hifadhidata, na sura ikae upande wa pili, kwenye faili za themu. Ukuta ukiwa mzima, unaweza kubadilisha sura kesho bila neno hata moja kupotea. Lakini zipo themu zinazotoboa ukuta huo. Zinakuja na sehemu zao za "vyumba" au "huduma" ndani ya themu yenyewe. Siku ukiihama, vyumba vyako sita vinatoweka kwenye dashibodi, yaani ukumbi wa ndani unaoingia wewe mwenye tovuti. Havijafutika, vimo kwenye hifadhidata, ila hakuna tena mlango wa kuvifikia. Nyingine zinakufanya uandike kwa misimbo yao ya mabano ya mraba, na ukiihama themu, mgeni anasoma mabano badala ya bei. Vyumba na safari zako zisajiliwe na plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza isiyotegemea themu. Themu ibaki kuvionesha tu.

Sasa hilo la mahali salama. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii hapa Iringa, nilipata mteja wa mbao Mafinga. Themu aliyoipenda ilikuwa na kichwa kikubwa cha bluu. Nikafungua style.css, faili la themu hiyohiyo linalobeba rangi na vipimo, bluu nikaifanya kahawia, kichwa nikakipunguza, na namba yake ya simu nikaiandika ndani ya header.php, faili la kichwa cha ukurasa. Siku mbili za kazi, akafurahi, akalipa. Miezi michache baadaye, asubuhi moja ya baridi ya Julai, akanipigia: "Bwana, tovuti imerudi bluu." Alikuwa ameingia kwenye dashibodi, akaona taarifa kwamba kuna toleo jipya la themu, akabonyeza, kama mtu mwangalifu anavyopaswa kufanya. WordPress ikisasisha themu haichanganyi faili mpya na zako. Huondoa folda nzima ya zamani na kuweka mpya. Kazi yangu ya siku mbili ilikwenda na folda. Nakala sikuwa nayo. Nikairudia bure, kwa haraka na kwa aibu, na kwenye namba ya simu nikakosea tarakimu moja. Kwa siku tisa wateja wa mbao walikuwa wanampigia mama mmoja wa Makambako asiyeuza hata fito.

Dawa yake ni themu mtoto. Ni folda ndogo yenye faili la style.css, na juu ya faili hilo kuna mistari ya utambulisho: Theme Name, yaani jina utakalompa mtoto, na Template, yaani jina la folda ya themu mama, liandikwe vilevile herufi kwa herufi. Mtoto hurithi karibu kila kitu kilichomo kwenye faili za mama. Ukitaka kubadilisha header.php, unainakili kutoka kwa mama na kuirekebisha kwa mtoto, na WordPress itatumia ya mtoto. Faili la functions.php, lenye msimbo wa kazi za themu, peke yake lina tabia tofauti: la mtoto halifuti la mama, yote mawili hufanya kazi, la mtoto likitangulia. Mama akisasishwa, mtoto haguswi.

Hii ndiyo sehemu ya swali lako ambayo jibu lake halina mjadala. Mtoto azaliwe kabla hujachagua rangi ya kwanza. Mambo unayoyapanga kwenye ukurasa wa Customize wa dashibodi, yaani nembo, rangi na hata CSS (msimbo wa sura) ya nyongeza ambayo tunaweza kuiandika humo tangu toleo la 4.7 la Desemba 2016, hutunzwa kwa jina la themu inayotumika wakati huo. Ukimpamba mama wiki nzima halafu ukamwasha mtoto, mtoto anatoka uchi na unaanza upya. Nadhani umeshayaona haya: kila ulipohama themu, rangi zako hazikufuata.

Kama themu yako ni ya mabloku, yaani vipande unavyovipanga kujenga kila sehemu ya tovuti, aina iliyoingia rasmi na toleo la 5.9, Januari 2022, mambo ni mepesi kidogo. Utaijua kwa kuwa chini ya Appearance utakuta Editor badala ya Customize. Humo mabadiliko yako hutunzwa kwenye hifadhidata, kwa hiyo kusasisha themu hakuyafuti, na kama huna mpango wa kuandika msimbo unaweza kuishi bila mtoto. Ila nayo yamefungwa na themu hiyo. Ukihama, unayaacha nyuma yote. Na kiolezo (umbo la aina fulani ya ukurasa) ulichokigusa hakitapokea tena marekebisho ya mtengenezaji, kwa sababu chako ndicho kinachosomwa. Mimi hugusa vichache, vingine naviacha.

Baada ya hapo ondoa mikono kwenye themu. Hapa kaka yako ana haki. Andika.

Lakini usiandike vyote, na hapa ndipo ninapoachana naye. Niliwahi kuitwa Njombe na kijana anayeuza miche ya parachichi. Yeye alifuata ushauri kama wa kaka yako kwa uaminifu wote: kurasa karibu arobaini zimeandikwa, themu haijaguswa. Bei zake alizipanga kwenye jedwali la safu saba, aina ya mche, umri, bei ya mmoja, bei ya mia, na kuendelea. Kwenye kompyuta yake lilikaa vizuri. Kwenye simu yenye upana wa pikseli 360, ambayo ndiyo waliyoishika wakulima wake, ulikuwa unaona jina la aina na nusu ya umri. Tena kwa vile themu ilikuwa haina sura, vichwa vidogo alivipaka rangi ya kijani kimoja kimoja kwa mkono ndani ya makala, ukurasa kwa ukurasa. Tulipoleta themu ya kweli, kijani chake kikabaki kimeganda humo. Tulifungua kurasa zote arobaini, moja baada ya nyingine, tukinywa chai tu.

Andika chumba kimoja. Chagua kile kigumu, chenye jina refu na maelezo mengi. Kiandike mpaka mwisho: bei, vitanda, kifungua kinywa, na maji ya moto, maana kwa baridi ya Tukuyu hilo ndilo swali la kwanza la mgeni kabla hata ya bei. Weka picha zake tano. Kisha andika safari moja, tuseme Ngosi, kwa ukweli wote: mwendo wa miguu, utelezi wakati wa mvua, viatu gani, kiongozi analipwaje. Kisha ukurasa wa mawasiliano. Kurasa tatu, basi. Sasa rudi kwenye themu ufanye kazi ya pili.

Utashangaa maamuzi yanavyokuja yenyewe. Utaona kwamba themu haina mahali pa kuandika msimu, na wewe bila msimu huwezi kuuza safari. Siku ukiongeza Hifadhi ya Kitulo itabidi useme maua huchanua kipindi cha mvua, takriban Desemba hadi Aprili, wakati uleule barabara zinapokuwa matope. Hakuna themu ya bahari na jua inayojua jambo hilo. Utaona bei inatakiwa ikae juu ya picha au chini yake. Utaona kwenye simu mgeni anapita picha tano nzima kabla hajafika kwenye kitufe cha kuuliza nafasi, na utakihamisha. Rafiki yako alikuwa anasema kweli hapa: sura inakuonesha cha kuandika. Alichosahau ni kwamba hata sura inahitaji kitu cha kuvishwa.

Kuna sababu nyingine ya kuyamaliza haya ukiwa na picha chache. Ukipandisha picha, WordPress hukata nakala zake za vipimo mbalimbali, na baadhi ya vipimo hivyo huagizwa na themu inayotumika siku hiyo. Ukipandisha picha mia mbili halafu ukahama themu, zile za zamani zitabaki na vipimo vya zamani: nyingine zimekatwa vichwa, nyingine hazilingani kwenye mstari. Zipo plagini za kuzikata upya, lakini kwa hosti (kampuni inayotunza tovuti yako) ya bei nafuu kazi hiyo inaweza kukwama katikati. Kwa picha kumi na tano huna cha kuogopa.

Kurasa tatu zikisimama sawasawa kwenye simu, nenda kwenye vyumba vitano vilivyobaki na safari zako. Hapo kazi inakwenda kama maji, kwa sababu kila ukurasa unajaza umbo lililokwisha kuwepo. Wakati huohuo weka plagini zote unazozihitaji: fomu ya kuuliza nafasi, kitufe cha WhatsApp, ramani. Ziweke sasa, zisisubiri baada ya rangi, kwa kuwa kila moja inakuja na sura yake. Kitufe cha WhatsApp hupenda kukaa pembe ya chini kulia, na themu nyingi zina mshale wa kurudi juu palepale. Nimeziona tovuti ambazo mgeni akitaka kupiga soga anarushwa juu ya ukurasa.

Basi, rangi. Zitoe kwenye picha zako, usizilete kutoka nje. Kwako kuna kijani cha chai na migomba, udongo mwekundu, na kijivu cha ukungu, na hayo yanatosha kwa tovuti nzima. Angalizo moja la kwetu sisi watu wa nyanda za juu: themu nyingi huweka maandishi meupe juu ya picha kubwa ya mwanzo, kwa kuwa picha ya maonyesho ilikuwa ya giza. Juu ya picha ya ukungu maandishi meupe hayaonekani. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuzifanya tovuti zisomeke na watu wote, unataka uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na kilicho nyuma yake, na viko vifaa vya bure vya kupima. Weka utando mweusi kidogo juu ya picha, au hamisha maneno yakae chini yake. Mimi huyahamisha.

Fonti moja inatosha, mbili ukipenda sana. Kila fonti na kila unene wake ni faili ambalo mgeni analipakua kwa bando lake. Picha za simu hutoka na megabaiti tatu, nne. Zipunguze mpaka kilobaiti kama 200 kabla ya kuzipandisha. Slaida ya picha sita juu ya ukurasa wa mwanzo, sijui nani aliwaambia watu wa hoteli kwamba ni lazima. Weka picha moja nzuri.

Na yale maneno ya Kiingereza yanayobaki chini ya makala na kwenye fomu, yatafsiri mwishoni, lakini usiyafute ndani ya faili za themu mama. Unakumbuka mbao za Mafinga.

Kwa ratiba yako: leo chagua moja kati ya hizo nne, ile ambayo menyu yako ya Kiswahili haikuivunja, hata kama ndiyo uliyoipenda kidogo kuliko zote. Kesho tengeneza mtoto. Kurasa tatu zipe wiki moja, maungo siku tatu nne, vyumba na safari zilizobaki wiki mbili kwa sababu najua una wageni wa kuhudumia na umeme unakatika. Rangi zipe siku tatu, na usizizidishie, la sivyo utarudi kwenye mchezo wa themu ya tano. Muda wote huo tovuti iwe na alama ya kuzuia injini za utafutaji, iko Settings, sehemu ya Reading. Siku ya kufungua, iondoe alama hiyo. Niliwahi kuisahau, na tovuti ya watu ikakaa miezi miwili bila Google kuijua, huku mwenyewe akinilaumu kwamba niliandika maneno mabaya.

Kabla ya kutangaza, ifungue kwa simu ya bei ndogo, si hiyo yako, na usifanyie hapo nyumbani penye mtandao mzuri. Mpe dereva wako aifungue akiwa njiani kwenda Matema, pale mnara unaposhika na kuachia. Akifika kwenye bei ya chumba kabla hajakata tamaa, uko tayari.

Kaka yako msalimie, na mpe kazi ya nakala rudufu: moja ya hifadhidata na moja ya faili, kila Jumapili, zitunzwe nje ya hosti. Na ukimaliza kile chumba kimoja, nitumie picha ya ukurasa wake kama unavyoonekana kwenye simu. Ukurasa wa mwanzo usinitumie bado.